Jinsi tulivyoanza kuhifadhi kidijitali maktaba yetu ndogo hapa Lindi

Skana tulipewa, haikuwa tatizo. Tatizo kila mjumbe wa kamati alitaka tuanze na kabati lake, na diski ya nje ilikuwa moja tu.

Nikaiweka skana pembeni, nikapita rafu kwa rafu na daftari. Vitabu vya kiada nikaviruka: vinapatikana kwingine na vina wenye haki zao. Kilichobaki ni kile ambacho kikioza hapa kimepotea kabisa: mihtasari ya vikao, picha za reli ya Nachingwea iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa enzi za ukoloni, daftari za ushirika wa korosho ambazo ukungu umeshaanza kuzila pembeni.

Halafu hesabu. Ukurasa wa A4 wa rangi, kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), ukiwa TIFF isiyobanwa, yaani faili la picha lisilopunguzwa ukubwa, unachukua takribani MB 26. Kurasa 1,000 ni GB 26. Mzee mmoja aliyekuwa akidai magazeti yote akaniambia, "Basi mwanangu, anza na ushirika." TIFF ndiyo nakala mama, haiguswi, wasomaji wanapata PDF nyepesi. Picha ndogondogo tukazipandisha hadi dpi 600, la sivyo sura hazionekani.

Majina ya mafaili yakawa ya mtindo mmoja, USH_1974_001, bila nafasi katikati. (Nimeshakutana na "mpya_mwisho_kabisa2". Sitaki tena.)

Nakala ni tatu, moja inakaa Mtwara kwa mwalimu mwenzetu. Umeme ukikatika, UPS (betri ya akiba) inatupa muda wa kufunga kompyuta vizuri. Sasa tuko kwenye daftari za ushirika.