Mbuzi akigeuka

Juzi binti yangu aliniuliza kwa nini mjomba wake hajibu meseji kwa kuandika. Ukimtumia ujumbe anarudisha sauti, hata kama jibu lenyewe ni "sawa" tu. Nikamwambia mjomba anapenda kuongea. Ni kweli, anapenda. Lakini usiku ule usingizi ulinipaa, nikawa namwona mdogo wangu akiwa darasa la tatu, kule Bahi, mwaka 1993.

Mimi nilikuwa la tano. Mwalimu wetu alinituma kuomba chaki darasa la tatu, nikapiga hodi, mwalimu wa kule akaniashiria nisubiri mlangoni. Mdogo wangu alikuwa amesimama mbele ya wenzake. Ubaoni palikuwa na sentensi moja, mwandiko mzuri wa kuumba: "Dada amebeba debe."

Anayesoma bila shida haoni kitu hapo. Iangalie sasa kama mtoto ambaye b na d bado hazijatengana kwake.

Akaanza: "Ba... baba..." Darasa likacheka. Fimbo ikagonga ubao. "Tazama vizuri! Baba yuko wapi hapo?" Akarudia polepole, kidole kikifuata herufi hewani: "Da-da a-me... a-me-de..." Akanyamaza, akarudi nyuma, akaipata "amebeba". Likabaki neno la mwisho. Alilitazama mpaka jasho likamtoka puani. Mimi pale mlangoni midomo ilikuwa inacheza yenyewe, debe, debe, kama vile angenisikia.

"Bede," akasema.

Waliangua kicheko hata wale ambao nao walikuwa hawajui kusoma. Yeye hakulia. Alimgeukia mwalimu akauliza kwa adabu kabisa, kwa sauti ileile aliyokuwa akimuulizia babu mambo ya mifugo: "Mwalimu, mbuzi akigeuka, si ni mbuzi yuleyule?"

Mwalimu aliona amedharauliwa. Viboko vilivyofuata sitaki kuvisimulia.

Swali lile lilikuwa la akili, na mpaka leo sijaona mtoto aliyelieleza jambo hili vizuri zaidi. Tangu kuzaliwa tunajifunza kwamba kitu hakibadiliki jina kwa kugeuka. Herufi ndizo zinazovunja kanuni hiyo: kijiti kilekile, tumbo lilelile, likiwa kulia ni b, likiwa kushoto ni d. Watoto wengi wanaoanza kusoma hujikwaa hapo, kisha wanavuka. Mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma usiotokana na upungufu wa akili, anaweza kukwama kwa muda mrefu, na mara nyingi shida yake kubwa haiko machoni. Iko katika kuoanisha herufi na sauti yake upesi, bila kusumbuka. Kwa kuwa Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, mtoto wa namna hiyo huweza kufika mahali akasoma kwa usahihi, ila polepole mno. Akimaliza sentensi, mwanzo umeshampotea. Basi anaitwa mvivu.

Mvivu! Mtoto aliyejua kwa mlio tu kama treni inayokaribia stesheni ni ya abiria au ya mizigo. Mbuzi wa babu aliwajua mmoja mmoja, na mama wa kila mmoja. Bibi akitusimulia hadithi kwa Kigogo usiku, kesho yake yeye anairudia yote pamoja na nyimbo zake.

Nikiwa mtu mzima nilisoma habari za daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliyeandika mwaka 1896 kuhusu kijana wa miaka 14, mwerevu, macho yake mazima, aliyeshindwa kabisa kujifunza kusoma. Mwalimu wa kijana yule alisema angekuwa hodari kuliko wote shuleni kama masomo yangekuwa ya mdomo tu. Nililia. Karibu miaka mia kabla ya lile debe la ubaoni, kuna mwalimu alikuwa ameshaliona jambo hili.

Mdogo wangu alirudia la nne, akamaliza la saba, hakuchaguliwa kwenda sekondari. Sasa ni fundi wa mashine za kusaga hapa Dodoma mjini, na madeni ya wateja wote yamo kichwani mwake.

Disleksia hutembea kwenye ukoo. Binti yangu yuko darasa la pili, anasoma kwa kusukumasukuma. Mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ulioanza 2015 ulitilia mkazo sauti za herufi, na ufundishaji wa namna hiyo naona unamsaidia. Huenda ni mwendo wake tu, huenda siyo. Wiki hii nitaenda kuonana na mwalimu wake. Sitamwambia mtoto anaumwa, maana haumwi. Nitamwomba asimsimamishe ghafla kusoma mbele ya wenzake, ampe muda, na wakati mwingine ampime kwa mdomo. Darasa lao wanakaa wanne wanne kwenye dawati, na mwalimu ni mmoja. Sijui nitamwombaje haya yote bila kumwongezea mzigo, lakini nitamwomba.