Kompyuta Mpakato Haifai Kupakatwa Unapocheza Gemu

Kupakata ni kumweka mtoto mapajani, na kutokana na neno hilo tukapata kompyuta mpakato, jina lililofaa zaidi kwa mtu anayeandika barua au kusoma habari kwa dakika chache. Mchezaji wa gemu anayelichukua jina hilo kwa maana yake halisi, akaiweka mashine mapajani au juu ya godoro kwa saa nne au tano mfululizo, anaidhuru mashine na kujidhuru mwenyewe kwa wakati mmoja. Nasema hivi kwa sababu nilicheza kwa namna hiyo kwa karibu miaka miwili, na hasara yake niliibeba mwenyewe.

Nilikuwa nikicheza usiku kitandani, kompyuta ikiwa juu ya blanketi. Kila baada ya nusu saa hivi mchezo ulianza kukwama, picha zikawa zinarukaruka na amri zangu zikawa zinachelewa kutekelezwa. Kwanza nililaumu intaneti, kisha nikaulaumu mchezo wenyewe. Siku niliposakinisha programu ya kupima joto ndipo nilipoona kwamba prosesa, yaani chipu kuu inayoendesha kompyuta, ilikuwa imefika nyuzi 97 za Selsiasi na kuganda hapo. Prosesa nyingi za kompyuta mpakato zimewekewa ukomo wa kati ya nyuzi 95 na 105, na zinapoukaribia hujipunguzia kasi ili zisiungue. Mashine ilikuwa ikijiokoa, nami usiku baada ya usiku nilikuwa nikiirudisha palepale.

Ili kuelewa kilichokuwa kikitokea, ni vizuri kujua njia ambayo joto hupita. Ndani ya kompyuta, prosesa na chipu ya michoro hugusana na mirija ya shaba inayobeba joto hadi kwenye mabati membamba yaliyopangwa kama meno ya kitana, na feni hupuliza hewa katikati ya mabati hayo ili joto litoke nje kupitia matundu ya pembeni au ya nyuma. Hewa hiyo ni lazima iingie kutoka mahali fulani, na katika kompyuta nyingi za gemu huingia kutoka chini, kwenye matundu ambayo mtumiaji hayaoni kabisa akiwa anacheza. Blanketi, mto na hata mapaja huyaziba matundu hayo. Feni huendelea kuzunguka kwa kasi na kwa kelele nyingi, lakini hazina hewa ya kutosha ya kuvuta, na kelele hizo humfanya mwenye kompyuta aamini kwamba upoozaji unafanyika.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza, na ambalo ningelibakiza kama ningeruhusiwa kutoa moja tu, ni kuiweka kompyuta juu ya meza ngumu na kuinua upande wake wa nyuma kwa sentimita mbili au tatu. Wengi hukimbilia kununua kibao chenye feni za kupooza. Sivipingi vibao hivyo, ila kwa uzoefu wangu sehemu kubwa ya nafuu hutokana na kule kuinuliwa tu. Vipande viwili vya mbao vilivyowekwa bila kuziba matundu vilinipunguzia joto kwa kiasi ambacho nilikiona wazi kwenye kipimo. Matundu ya kutolea hewa nayo yasielekezwe ukutani kwa karibu, kwa kuwa hewa moto ikigonga ukuta hurudi na kuvutwa tena ndani.

Vumbi hufanya taratibu kile ambacho blanketi hufanya kwa dakika chache. Hujikusanya kati ya feni na yale mabati membamba hadi likawa kama kitambaa kizito, na kupuliza kwa nje peke yake hakuliondoi lote. Mtu asiyezoea kufungua kompyuta na ampelekee fundi. Anayejisafishia azime mashine, achomoe chaja, na azuie feni kwa kidole au kijiti cha plastiki anapopuliza hewa ya kopo, maana feni inayozungushwa kwa nguvu kupita kiasi inaweza kuharibika. Kompyuta iliyotumika miaka kadhaa huenda pia ikahitaji kupakwa upya ule ute wa kupitisha joto ulio kati ya chipu na shaba, kwa kuwa hukauka.

Kuna njia nyingine ambayo wachezaji wengi hawaitumii kwa kuhofia kupoteza ubora, nayo ni kupunguza joto kabla halijazalishwa. Kama skrini yako huonyesha picha 60 kwa sekunde, hakuna faida ya kuiacha chipu ya michoro itengeneze picha 140 ambazo skrini haiwezi kuzionyesha kikamilifu. Karibu kila mchezo wa siku hizi una sehemu ya kuweka kikomo katika mipangilio yake. Nilipoweka kikomo hicho, feni zilitulia na mchezo ukaenda kwa ulaini usiobadilika tangu mwanzo wa kipindi hadi mwisho, jambo ambalo kwangu lina thamani kuliko kasi kubwa ya dakika kumi za mwanzo.

Sasa nije kwenye betri, kwa sababu hapo ndipo hasara yangu ilipokuwa. Mwishoni mwa ile miaka miwili niliona kwamba ile sehemu ya kuelekezea kwa kidole, iliyo chini ya kibodi, ilikuwa imeinuka na haibonyezeki. Betri ya lithiamu ilikuwa imevimba na kuisukuma kutoka chini. Betri za aina hii hudhoofishwa na joto, na hudhoofishwa pia na kukaa zikiwa zimejaa kabisa kwa muda mrefu. Mtu anayecheza kila usiku chaja ikiwa imechomekwa, betri ikiwa asilimia 100 na mwili wa kompyuta ukiwa moto, huzipa mambo yote mawili pamoja. Kompyuta nyingi za sasa zina mpangilio wa kuzuia betri isipite asilimia 80, na sioni sababu ya mchezaji anayechezea mezani, chaja ikiwa imechomekwa, kutoutumia. Ukiona dalili ya kuvimba, zima kompyuta, acha kuichaji, usijaribu kuibonyeza betri wala kuitoboa, na umpelekee fundi anayejua kazi hiyo. Gesi iliyomo ndani inaweza kuwaka.

Chaja yenyewe iwe ile inayolingana na mashine. Chaja za kompyuta za gemu kwa kawaida hutoa wati 180 hadi 330, ilhali ya kompyuta ya ofisini inaweza kutoa wati 65 tu. Ukitumia chaja ndogo, betri hulazimika kuongezea umeme kila mchezo unapopamba moto, kisha kuchajiwa tena unapopoa, na mzunguko huo huichosha. Chaja pia huwa moto, hivyo isifunikwe na nguo wala kuwekwa chini ya mto. Na kama unahisi mtekenyo wa umeme unapogusa mwili wa chuma wa kompyuta, angalia kama plagi na soketi vina waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, unaofanya kazi.

Madhara kwa mwili yanastahili uzito uleule. Mwaka 2010 madaktari wa ngozi nchini Uswisi walichapisha taarifa ya mvulana wa miaka 12 aliyepata mabaka kwenye paja la kushoto baada ya kucheza gemu kwa saa kadhaa kila siku kwa miezi, kompyuta ikiwa mapajani. Joto hilo haliunguzi papo hapo, ndiyo maana mtu huendelea kukaa nalo. Hata hivyo likirudiwarudiwa huacha michoro ya wekundu au weusi kama wavu kwenye ngozi. Kwa wanaume, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba joto la korodani lilipanda kwa zaidi ya nyuzi 2.5 ndani ya saa moja ya kupakata kompyuta, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na kubana mapaja ili kuishikilia tu. Mto uliowekwa katikati hauondoi tatizo hilo la pili, na hurudisha lile la kuziba matundu.

Meza, kwa upande wake, huleta taabu ya shingo, kwa kuwa skrini na kibodi vimeunganishwa: ukiinua skrini ifikie macho, mikono hupanda, na ukishusha kibodi, kichwa huinama. Tiba yake ni kibodi na kipanya vya pembeni, ili kompyuta iinuliwe peke yake. Macho nayo husahau kupepesa katikati ya pambano, hivyo kila baada ya dakika 20 mimi hutazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa angalau sekunde 20, na kila mechi inapokwisha nasimama na kutembea, kwa sababu damu hutuama miguuni kwa anayekaa saa nyingi bila kujongea.

Mchezo unapokwisha, siifungi kompyuta papo hapo. Naufunga mchezo kwanza, naiacha mashine wazi mezani kwa dakika tano hadi feni zitulie, kisha naizima kabisa kabla ya kuitia mkobani. Kompyuta iliyolazwa tu bila kuzimwa inaweza kuamka yenyewe ndani ya mkoba ili isakinishe masasisho, na humo haina hewa hata kidogo.