Nilivyolirudisha bonde lililoingia maji chumvi

Nyumba yangu hapa kaskazini ya Pemba imetokana na mikoko. Sisemi boriti. Niliikata mikoko, nikawauzia wachoma chokaa, fedha ikanunua saruji na mabati. Mwaka ule karafuu hazikuzaa, na kila mtu alikuwa anajenga, kwa hiyo chokaa haikulala. Kibali sikuwa nacho, ingawa sheria ya misitu ya mwaka 1996 inakitaka. Naliweka hili mbele ili nisije nikaonekana nawasema wenzangu.

Nyuma ya ile mikoko ndiko liliko bonde letu la mpunga, urithi wa baba. Mwaka wa tatu baada ya kukata, maji ya bamvua, yale yanayojaa sana mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, yakaingia. Nikasema ni ajali tu. Kiangazi udongo ukaota ngozi nyeupe. Ukitia kidole ukaramba, chumvi tupu. Mpunga uliochipua ukageuka manjano nchani, ukakauka kabla haujafika magotini.

Nikajenga tuta. Vibarua wanne, udongo na mapolo ya mchanga, kimo cha kiuno. Bamvua la mwezi wa tatu likalipasua katikati. Bibi mmoja jirani, anayeokota chaza pale, akanikuta nimekaa nalitazama. "Mwanangu, hebu njoo maji yakijaa, uangalie wimbi linapiga wapi kwanza." Nikaenda. Lilikuwa likipiga tuta moja kwa moja, hakuna kitu mbele yake.

Basi nikapanda mikoko, na hapo pia nikakosea. Nilizichomeka zile mbegu ndefu za mkoko kila mahali, nyingi karibu na tuta kwa sababu ndiko nilikoweza kuzitazama. Pale juu maji hufika siku chache tu kwa mwezi, jua likazikausha. Bwana misitu aliponitembelea alicheka kidogo, akanionesha kuwa kila aina ya mikoko ina mahali pake: mlilana hukaa mbele kabisa baharini, mkoko wenyewe kwenye tope laini, mchu na mkandaa huku nyuma. Mchu tuliuotesha kwanza kwenye viriba, ukapandwa ukiwa na majani. Hiyo ndiyo iliyoshika. Ng'ombe wa watu ndio walionitesa zaidi kuliko bahari, lakini hilo tulilimaliza kwa sheha, kiongozi wa eneo letu.

Kuondoa chumvi iliyokwisha kuingia ni kazi nyingine, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Tuta likizuia bahari huzuia pia maji ya mvua yasitoke, na bila ya kutoka chumvi haiendi popote. Nililaza bomba chini ya tuta. Mdomo wake wa upande wa bahari nikaufunika kwa kipande cha mpira wa gari, nimekifunga juu tu kwa waya, chini kinaning'inia. Maji yakijaa, bahari inakisukuma kinaziba. Yakitoka, maji ya mvua yaliyosimama bondeni yanakifungua yenyewe na kutoka na chumvi yake. Masika nililiacha bonde lijae maji ya mvua, yakatoka, likajaa tena, yakatoka tena. Kaa mmoja akikwama mle mpira hauzibi, kwa hiyo kila bamvua naenda kukagua na kurunzi.

Masika ya pili sehemu ya juu ikazaa. Mwaka jana nilivuna mapolo saba. Zamani baba alikuwa akipata kumi na moja. Ule ukanda wa chini, karibu na tuta, bado haufai kitu, na sidhani nitaupanda mpunga tena. Nimeuachia mchu.

Wachoma chokaa hawajaacha kuja. Mmoja ni shemeji yangu, ana watoto sita, na siwezi kumwambia asipike chokaa wakati mimi nimelala chini ya mabati niliyoyapata kwa kuni zile zile. Nilichofanya ni kupanda mivinje ya kuni kwenye jiwe huko juu, pasipoota mpunga wala muhogo. Juzi alinipigia simu kuuliza bei. Nimemwambia asubiri, haijatimia hata unene wa mkono.