Mnana juu, paa chini: asubuhi moja Arabuko-Sokoke

Arabuko-Sokoke ni msitu wa pwani ya Kenya, na tuliuingilia Gede. Kutoka Malindi hadi Gede ni kama kilomita 16 kwa matatu ya Mombasa. Tulishuka kukipambazuka, maana ndege wa vileleni husikika vyema hadi kama saa tatu. Jua likikaza hunyamaza.

Karibu na barabara msitu ni mzito, una kiza. Ukizidi kuingia, udongo unageuka mchanga mweupe na miti ya mirihi inaanza. Hapo darubini ielekezwe juu: mnana wa Clarke hutafuta wadudu kwenye vilele vya mirihi, kwa makundi. Dume ana kichwa cheusi hadi kifuani na tumbo la manjano. Shingo zilituuma, kisha kundi likapita kufumba na kufumbua.

Chini msituni hukaa paa nunga, swala mdogo. Hatukumwona, wala si ajabu. Ana uzito usiozidi kilo 12 hivi, rangi nyekundu-kahawia, na mkanda mweupe nyuma ya mapaja. Hula majani, maua na matunda yanayodondoshwa na kima na ndege. Kwa hiyo ukisikia kima wakila, simama kimya hapo.

Mnana na paa nunga wote wana uti wa mgongo, ila wanaachana kwenye ngeli, yaani kundi kubwa la uainishaji wa viumbe. Mnana ni ndege, oda ya Passeriformes, familia ya Ploceidae. Paa nunga ni mamalia, oda ya Artiodactyla, familia ya Bovidae, pamoja na swala, mbuzi na ng'ombe. (Ndiyo, undugu wake na ng'ombe wa zizini ni wa karibu kuliko na twiga.)

Katika Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linalopanga viumbe kwa ngazi za hatari ya kutoweka, aliyetupitia kwa kundi ndiye mwenye hali mbaya zaidi: mnana yuko hatarini kutoweka, paa nunga ngazi moja chini yake. Mnana anapatikana Kilifi peke yake, hapa na Dakatcha, kule Marafa. Alielezwa kisayansi 1913. Viota vyake havikujulikana hadi 2013, vilipoonekana kwenye kinamasi cha msimu Dakatcha. Mvua isipokijaza, au kikilimwa, hakuna vifaranga. Paa nunga aliwahi kuwekwa ngazi ya hatari kubwa kabisa, akashushwa baada ya kamera za kutegwa kumpiga picha kwa wingi katika misitu ya Boni na Dodori, Lamu. Yuko Unguja pia.

Hata hivyo paa nunga hupita vijia vilevile kila siku, na hapo ndipo majangili hutega waya. Ukiona kitanzi kimefungwa kwenye kijiti, kimo cha goti, weka alama mahali hapo na umwite askari wa msitu. Kwa kawaida vitanzi havitegwi kimoja tu.