Siku yangu moja Mbweni: maneno ya kuazima

Saa 11 alfajiri

Mwadhini wa msikiti wa jirani ni mtu mzima, sauti yake haina haraka. Akifika pale asemapo kuwa sala ni bora kuliko usingizi, mimi nimeshaketi kitandani na miguu iko chini. Ni Mkristo mimi, katekista wa Anglikana, na huu ni mwaka wa pili naamshwa na adhana. Kabla ya hapo aliyekuwa akiniamsha ni mume wangu. Naye alikuwa katekista. Alikuwa akitangulia kuamka, anawasha jiko, kisha ananigusa bega: "Mama, kumekucha." Figo zilimshinda. Tukamzika kwao Muheza, na baada ya matanga nikavuka maji kurudi Unguja peke yangu.

Watu wananiuliza mpaka leo nilirudi kufanya nini. Watoto tuliojaliwa wameshakuwa watu wazima na wako bara, ndugu zangu wote wako bara, hata kaburi lake liko bara. Kila nikijaribu kujibu kwa sentensi moja jibu linaniponyoka. Nimeona afadhali nisimulie siku ya jana, Jumatano, kama ilivyokwenda.

Nilikunywa chai ya rangi na kipande cha boflo la juzi, nikafunga khanga, nikatoka.

Saa 12:30 asubuhi

Kanisa letu la Mtakatifu Yohana lipo hapa Mbweni tangu 1882. Ni la mawe, limekaa chini ya miti, na asubuhi ndani yake kuna baridi fulani ya kupendeza hata mwezi wa joto. Kwenye Sala ya Asubuhi tulikuwa wawili: mimi na mzee mmoja aliyekuwa baharia zamani. Tulikaa kama tukaavyo siku zote, yeye upande huu, mimi upande ule, tukaipokezana Zaburi. Yeye anasoma nusu ya kwanza ya mstari, anavuta pumzi, mimi namalizia.

Niseme jambo ambalo kwa muda mrefu niliona haya kulisema. Baada ya maziko nilikaa miezi mitano siwezi kusali. Nilikuwa napiga magoti na hakuna neno linalokuja, ulimi umekufa. Kazi yangu ni kuwafundisha watu kusali, na mimi mwenyewe nimekauka. Nilipomweleza yule mzee, nilitegemea anihubirie. Hakunihubiria. Alinifungulia kitabu, akaniambia, "Soma tu, mwanangu. Haya yameandikwa kwa siku ambazo mtu hana lake." Nikasoma kama mtoto wa darasa la pili, bila kuhisi chochote. Kesho yake tena. Sikumbuki ni siku gani nilianza kuyahisi, ila najua kwamba wakati sikuwa na maneno yangu niliishi kwa maneno ya kuazima, na sikufa njaa.

Saa 1:15

Kabla ya kwenda mjini nilifagia majani makaburini. Hapa kanisani kwetu amezikwa Caroline Thackeray, mwalimu wa shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria, ile ambayo magofu yake bado yanaonekana kule upande wa bahari. Alifika 1877, akabaki mpaka alipokufa mwaka 1926. Miaka 49, na kwao hakurudi kukaa tena. Shule yake ilipokea watoto waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa. Hao ni watoto walionyang'anywa mama zao njiani, wakatembezwa mpaka pwani, wakashindiliwa chini ya jahazi. Mwalimu wa shule kama hiyo hafundishi hesabu na kushona tu. Anaamshwa usiku na vilio.

Wala siwafanyi malaika wale wamisheni. Watoto wengi walipewa majina ya Kiingereza, na yale waliyopewa na mama zao yakapotea. Hilo linaniuma, na huwa nawaambia hivyo wanafunzi wangu. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu hakupaswa kupoteza na jina. Lakini nikiwa nafagia lile kaburi siwezi kusahau pia kwamba huyu mama alikaa.

Saa 3

Nilipanda gari ya 505 hadi Darajani. Gari ilijaa, kondakta ananiita "mama padri" ingawa nimeshamweleza mara nyingi kuwa mimi si padri. Nikakatisha sokoni, harufu ya pweza na ya bizari, nikaingia Mkunazini.

Jumatano ni zamu yetu kina mama kusafisha Kanisa Kuu la Kristo. Mimi hupangiwa vitambaa vya altare na vinara. Ukifika huko utakuta wageni wengi wakielezwa historia, na kwa haki, maana hapa palikuwa soko la watumwa hadi Sultani Sayyid Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga, tarehe 5 Juni 1873. Krismasi ya mwaka uleule jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Altare imesimama panapoelezwa kuwa palikuwa na mti wa kuchapia watu viboko. Mimi huwa sipiti hapo bila kuinamisha kichwa. Ndipo ninapokunja vitambaa, kwa mikono hii, na sijawahi kupazoea.

Nyuma ya altare amelala Askofu Edward Steere, aliyelijenga kanisa hili. Alifika Unguja mwaka 1864, akawa askofu 1874, akafa hapahapa Agosti 1882. Paa alilijenga kwa mawe ya matumbawe na saruji, la mviringo kama tumbo la jahazi lililopinduliwa, na watu wakawa na hakika litaanguka. Halijaanguka. Karibu na mlango wa magharibi kuna zile nguzo fupi zilizosimikwa kichwa chini na mafundi siku ambazo yeye hakuwepo, naye akaziacha vivyo hivyo. Nazipenda kupita kiasi. Nikizipangusa hujiona na mimi ni mojawapo, kichwa chini, na bado nimebeba.

Ila ninachomshukuru Steere zaidi ni lugha. Alikaa na watu wa mji huu akawauliza neno moja moja. Mwaka 1870 alipotoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili, alieleza jinsi msomi mmoja mkubwa wa hapa, Sheikh Abdulaziz, alivyojitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu. Kazi haikwenda mbali kwa hao wawili, maana sheikh alikuwa na shughuli nyingi na Kiswahili chake kilikuwa cha juu mno. Lakini nawaza juu ya jambo lile. Mzungu wa kanisa na sheikh wa Unguja wamekaa na Zaburi katikati yao, wanatafuta neno la Kiswahili la mtu kumlilia Mungu. Wamisheni walipokuja kwetu hawakuwa na maneno. Waliyaazima kwetu. Nami nilipoishiwa, nikaenda kuyachukua palepale yalipowekwa.

Nilimaliza saa 6 kasoro. Nikala bajia na chai pale nje, nikapanda gari ya Kwerekwe.

Saa 7 mchana

Hii ndiyo sehemu ya siku niliyokuwa naiogopa tangu asubuhi.

Mama mmoja kijana wa kwetu kanisani amefiwa na mtoto wa miezi minane. Nilimkuta ukumbini juu ya mkeka, amezungukwa na wanawake wa mtaani, wengi wao Waislamu, wamekaa kimya kwa adabu ileile waliyokaa nayo kwangu. Nikavua viatu, nikaketi karibu naye. Tukakaa karibu nusu saa. Nimejifunza kutoharakisha hapo. Nilipofiwa walinijia watu wema wengi wakiwa na maelezo: Mungu alimpenda zaidi, Mungu anakujaribu, kila jambo lina sababu. Kila neno lilikuwa kama chumvi. Nakumbuka zaidi walionipikia.

Hatimaye aliniuliza bila kuniangalia, "Dada, Mungu alikuwa wapi juzi usiku?"

Nikamwambia, "Sijui, mdogo wangu."

Akageuka akanitazama. Nadhani alitegemea katekista awe na jibu. Nikamwambia nami niliuliza, na bado nauliza, na kwamba anaweza kumuuliza Mungu mwenyewe kwa ukali wowote, maana Zaburi zimejaa watu waliomuuliza hivyo. Kisha nikamwomba tusome pamoja ile ya 130, ya mtu anayelia toka vilindini. Nikasoma nusu ya mstari, nikanyamaza. Kimya. Nikasoma nusu ya mstari uliofuata, nikanyamaza tena. Tulipofika pale pa walinzi wanaoingoja asubuhi, alitoa sauti ndogo sana, akamalizia: "Naam, walinzi waingojavyo asubuhi." Ndilo neno pekee alilosema. Bibi mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta, mwenye tasbihi mkononi, akaitikia, "Amina."

Nikaosha vyombo vyao vilivyolala tangu juzi, nikaondoka.

Saa 10:30 jioni

Darasa la kipaimara, watoto 9, nje chini ya mwembe. Nilichoka, nikataka kuwapa mazoezi ya kuandika tu. Lakini kijana mmoja mwenye maswali alinyoosha mkono: "Mama, kwa nini tuhifadhi? Si maneno yote yamo kwenye simu?"

Nikaweka chaki chini, nikawasimulia habari ya Burrup.

Misheni iliyotuletea kanisa hili haikuanzia Unguja. Ilianzia kule mto Shire, Malawi ya leo, na ilianza na makaburi. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alishuka mto na padri kijana, Henry Burrup, kwenda kukutana na Livingstone. Mtumbwi ukapinduka, dawa za homa zikaenda na maji. Wakakwama kwenye kisiwa karibu na mdomo wa mto Ruo, wote wawili wagonjwa, na tarehe 31 Januari 1862 askofu akafa. Burrup alikuwa dhaifu mwenyewe, pamoja naye wanaume wachache waliowasindikiza. Wakachimba kaburi ng'ambo ya mto. Walipomaliza, giza lilikuwa limeingia. Kitabu hakisomeki. Basi Burrup akasimama gizani akasema maneno ya maziko, yale aliyoweza kuyakumbuka. Wiki tatu baadaye naye akafa, na mkewe, aliyeolewa juzijuzi, alikuwa njiani anamfuata pamoja na dada wa askofu. Walipanda mto wakiwa na hamu ya kuwaona, wakaambiwa habari hiyo.

Watoto walinyamaza. Nikamwambia yule kijana, "Simu ina mwanga wake, ni kweli. Lakini iko siku utakuwa mgonjwa, au umefiwa, au unaogopa, na hutaweza hata kutafuta ukurasa. Ninataka siku hiyo uwe nayo tayari. Tazama wenzako mtaani, wanahifadhi juzuu nzima chuoni. Nakuomba Zaburi moja." Akakubali. Alichagua ile fupi kuliko zote, na nikamruhusu.

Saa 1 usiku

Jirani yangu aligonga na bakuli la mbaazi za nazi, limefunikwa kwa sahani. Ni bibi wa Kiunguja hasa, ana miaka yake 70, na ndiye aliyenishika niliporudi kutoka maziko. Aliniuliza siku ile kama kwetu kuna eda. Nikamwambia hatuna kama yao. Akasema, "Basi keti tu, mwanangu. Miezi minne na siku kumi usiwaze sokoni." Na kweli alikuwa akiniletea samaki na mboga, hesabu yake kamili, mpaka siku ya mwisho. Sikuzaliwa katika dini yake wala yeye katika yangu, lakini sala zangu za miezi ile zilikuwa zimesimama juu ya samaki wake.

Saa 2:30 usiku

Kaka yangu alipiga simu toka Muheza. Ni yaleyale: nyumba ipo, shamba lipo, posho ya ukatekista haikutoshi, rudi. Sikumkasirikia. Nilimwambia kwamba kurudi si aibu. Askofu Tozer, aliyemfuata Mackenzie, alipoona watu wake wanakwisha kule mtoni aliihamisha misheni, na Livingstone hakupendezwa hata kidogo. Mwaka 1864 wakaja Unguja kama watu walioshindwa, na Mkunazini ikatoka humo. Huenda na mimi siku moja nitahama. Lakini kesho asubuhi yule mzee baharia atakaa upande wake, na upande wa pili hakuna mtu mwingine. Kaka akacheka kidogo, akasema atanitumia mahindi kwa boti.

Saa 3:30 usiku

Sala ya usiku tulikuwa tukiisali mimi na mume wangu tumeketi kitandani, taa katikati. Yeye nusu ya kwanza, mimi ya pili. Kitabu ni chake, kina doa la nta pembeni na miwani yake bado iko ndani, nimeifanya alama ya ukurasa.

Nusu yake siisomi. Ninafungua, nangoja kiasi cha pumzi yake, kisha nasoma yangu.