Nilivyoifuta dhoruba kwa mkono wangu

Juzi nilifungua tena faili langu la dhoruba ya sumaku ya Mei 2024 (msukosuko wa uga wa sumaku wa Dunia unaoletwa na Jua), nikakuta upuuzi niliouacha humo tangu wakati ule.

Nilikuwa nimepakua takwimu za setilaiti za GOES, zile zinazokaa kilomita kama 36,000 juu ya ikweta zikihesabu elektroni zenye nguvu nyingi. Kusafisha takwimu kunanichosha, basi nikaandika mstari mmoja wa programu: namba ikiporomoka ghafla, itupwe, ni kelele za kifaa. Grafu ikatoka nyororo. Nikaipenda, nikalala.

Kumbe nilichotupa ndicho nilichokuwa nakitafuta. Upepo wa jua, yaani chembe zinazomiminika kutoka kwenye Jua, ukivuma kwa nguvu, huusukuma ndani mpaka wa uga wa sumaku wa Dunia, upande wa mchana. Siku ile mpaka huo ulisukumwa hata ukaingia ndani kupita kimo cha setilaiti hizo. Elektroni huizunguka Dunia. Zikifika penye mpaka uliosogea, hutoka nje ya uga huo, zikapotelea angani na hazirudi. Namba zinaanguka kwa sababu elektroni hazipo!

Mimi nilidhani dhoruba lazima iongeze mnururisho. Kumbe si lazima. Mwanasayansi Geoff Reeves na wenzake walichapisha mwaka 2003 uchunguzi wa dhoruba 276: karibu nusu ziliongeza elektroni za mkanda wa nje (mmoja wa mikanda ya chembe zenye nguvu inayoizunguka Dunia), kama moja kati ya tano zikazipunguza, zilizobaki hazikubadili kitu cha maana.

Na mwaka 1958 sifuri ilikuwa na maana ya kinyume kabisa. Kihesabio cha Geiger, kifaa cha kuhesabu mnururisho, ndani ya Explorer 1, setilaiti ya kwanza ya Marekani, kilinyamaza kila setilaiti ilipopanda juu sana. Kikundi cha mwanafizikia James Van Allen kiligundua kwamba kifaa kilikuwa kizima, ila chembe zilikuwa nyingi mno, kikazidiwa kikaacha kuhesabu. (Carl McIlwain wa kikundi hicho alijaribu kifaa cha namna hiyo kwa mashine ya eksirei, nacho kikanyamaza vilevile.) Hivyo ndivyo mikanda ya mnururisho ilivyojulikana.

Nimeufuta ule mstari wangu. Shimo limerudi kwenye grafu, na pembeni yake kuna vilima vidogo ambavyo bado sivipi imani, maana protoni kutoka kwenye Jua zikipenya kifaa huhesabiwa kama elektroni. Nimevipaka rangi ya kijivu. Sifuti tena kitu kabla sijafungua takwimu za protoni za saa ileile.