Mluzi na Usipa

Simba alikuja kwetu Uyole akiwa mbwa mzima, jina lake analo tayari. Jirani aliyekuwa anahamia Dodoma alituachia yeye na mnyororo wake. Ilikuwa Julai, baridi ile ya Mbeya ya kutoa moshi mdomoni, naye akajikunyata nyuma ya banda la kuku, hataki mtu amsogelee. Ukimwambia "njoo", anafyata mkia na kurudi nyuma. Ukishika ufagio, anajikojolea. Hakuna aliyehitaji kutueleza alikuwa anaitiwa nini huko alikotoka.

Mjomba alisema dawa ya mbwa ni fimbo. Fimbo gani tena, na huyu ameshazimaliza?

Nilikuwa nimesoma habari za Ivan Pavlov, yule Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula. Mbwa wake walidondokwa mate kwa kusikia tu mlio uliozoea kutangulia chakula. Basi "njoo" nikaachana nayo. Nikatafuta sauti ambayo Simba hajawahi kuchapwa nayo, nikachagua mluzi.

Chakula chenyewe kilikuwa usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa wanaotoka Kyela. Nilimkatia vipande vidogo kama ukucha, maana mbwa akishiba somo limekwisha. Napiga mluzi, narusha kipande hapo hapo. Ukichelewa kwa kupekua mfukoni, mbwa ameshaanza kujikuna, na atajua amelipwa kwa kujikuna. Nilikuwa nachuchumaa ubavu, simkazii macho. Mbwa mwoga akikaziwa macho anaona ugomvi.

Jioni moja, kabla hajapewa ugali wake, nilipiga mluzi na kipande nikakibakiza kiganjani. Simba akasogea, akasita. Akarudi. Akaja tena, shingo ameinyoosha mpaka mwisho, miguu ya nyuma imebaki kule kule tayari kwa mbio. Nikahisi pua ya baridi, na kipande hakipo.

Mama alikuwa kibarazani anachambua maharage. "Mwanangu," akasema, "watu wanakula mchicha mtupu, wewe unalisha mbwa usipa!"

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Akawa anakuja mbio, anakaa chini, ndipo anapewa.

Ila mluzi hauna mwenyewe. Asubuhi moja kijana muuza parachichi alipita akipiga mluzi wake wa biashara. Simba akachomoka getini, akaenda kuketi mbele yake, ulimi nje. Kijana akabwaga beseni, akapanda ukuta wa jirani.

"Shuka baba, haumi huyo!" Mama akamwambia.

"Shikamoo mama. Mbona ananitazama hivi?"

"Marahaba. Si umemwita mwenyewe?" Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nacheka mlangoni. "Na wewe nenda jikoni ukalete usipa, mtoto wa watu ashuke!"